Saa za Msukaji Zina Bei

Ususi wa ukili ni kazi ya mikono inayofanyika majumbani katika pwani ya Afrika Mashariki, tangu visiwa vya Lamu hadi Mtwara, Unguja na Pemba zikiwemo. Majani ya mkindu au ya mkoma huchanwa vipande vyembamba, vipande husukwa kuwa mshipi mrefu uitwao ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane mkeka, msala wa kuswalia, kikapu, kawa la kufunikia chakula au kipepeo cha kupulizia moto. Wanaoifanya wengi ni wanawake, na wengi wao wana kazi nyingine: shamba la mpunga na muhogo, mwani, vitumbua vya alfajiri, ulezi wa wajukuu. Fedha ya mkeka huja juu ya fedha za kazi hizo. Ndiyo inayonunua madaftari, inayolipa nauli ya kwenda hospitali na inayotoa mchango wa arusi au matanga bila mtu kukopa.

Kazi hii inaafiki maisha ya nyumbani kwa sababu zilizo wazi. Haihitaji umeme, mashine wala chumba cha kupanga. Mtaji wake wa kuanzia ni mdogo. Inaweza kuwekwa chini mtoto anapolia na kuokotwa tena akishalala, na mikono husuka huku mdomo ukizungumza na jirani. Lakini wepesi huohuo ndio unaoiponza. Kwa kuwa hufanywa katikati ya shughuli nyingine, muda wake hauhesabiwi na mtu yeyote, hata na msukaji mwenyewe. Kazi ya mikono ya nyumbani inaweza kuwa kipato cha ziada cha kweli kwa sharti moja: saa za anayeifanya zihesabiwe kuwa gharama, sawasawa na majani, rangi na nauli. Pasipo hesabu hiyo, mkeka huuzwa chini ya thamani yake, na kaya hudhani imepata faida ilhali imetoa nguvu zake bure.

Ili hesabu hiyo ifanyike, ni lazima kwanza hatua za kazi zijulikane zote. Mkindu hupenda mabonde na kandokando ya maji. Majani yake ni laini, na hutumika kwa mikeka ya kulalia na misala. Mkoma hustahimili ukame na mchanga wa pwani. Majani yake, miyaa, ni magumu zaidi, na hufaa kwa majamvi, makanda na vikapu vya kubebea mizigo. Yanayotakiwa ni majani machanga, yaliyo bado hayajafunguka vizuri. Hukatwa, hubebwa hadi nyumbani, huanikwa juani mpaka yawe meupe, na huingizwa ndani kila mvua inapotishia. Yakikauka huchanwa kuwa chane za upana mmoja, kwa maana chane zisizolingana huzaa ukili uliopinda. Sehemu ya chane hutiwa rangi kwa kuchemshwa, hatua inayohitaji kuni, sufuria ya peke yake na uangalizi. Hapo ndipo ususi huanza. Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na mkeka mmoja mpana humeza pima nyingi. Mwisho ukili hushonwa kwa shazia, na kingo hupindwa zisifumuke.

Msukaji akiulizwa mkeka umemchukua muda gani, mara nyingi hutaja siku za kusuka tu. Safari ya bondeni haimo, wala kuanika, kuchana, kuchemsha na kushona. Mnunuzi naye huona kitu kilichokamilika na hubishania bei kwa kuangalia ukubwa wake. Hivyo pande zote mbili huanza mazungumzo ya bei zikiwa zimesahau sehemu kubwa ya kazi. Dawa yake ni daftari. Kila bidhaa iandikiwe ukurasa: kilichonunuliwa, kilichotumika, na saa zilizokwenda katika kila hatua. Anayesuka kwa vipande vya muda anaweza kuandika nusu saa ya asubuhi na saa moja ya jioni, kisha akajumlisha mkeka ukiisha. Bidhaa tatu au nne zikishaandikwa hivi, wastani hupatikana, na wastani huo ndio msingi wa bei.

Mfano wa kikapu kimoja unatosha kueleza hesabu yenyewe. Tuseme miyaa imegharimu shilingi 3,000 za Tanzania, rangi na kuni 1,000, mishikio ya ngozi 3,000, na nauli ya kupeleka sokoni 1,000. Jumla ni shilingi 8,000. Kikapu kikiuzwa 15,000, msukaji huona amebaki na 7,000 na hufurahi. Lakini kama kazi nzima imechukua saa 14, basi kila saa imelipwa shilingi 500. Akiamua kuwa saa yake moja ina thamani ya shilingi 1,000, gharama ya kweli ya kikapu ni 8,000 kwa vifaa na 14,000 kwa kazi, yaani 22,000. Juu ya hapo aongeze kiasi, tuseme asilimia 10, kwa ajili ya majani yaliyooza, shazia iliyovunjika na kikapu kitakachokaa bila mnunuzi. Bei inafika 24,200. Chini ya 22,000, kila kikapu kinachouzwa kinakula muda ambao ungeweza kutumika kwa kazi nyingine.

Hesabu hiyo haimlazimishi mnunuzi kulipa. Inachompa msukaji ni uamuzi. Ikiwa soko la karibu halitoi zaidi ya 15,000, ana njia tatu: kupunguza saa, kutafuta soko jingine, au kuacha bidhaa hiyo na kushika nyingine. Saa hupungua kwa kusuka ukili mpana zaidi, kwa kupunguza nakshi, au kwa kugawana hatua na wenzake ili mmoja achane na kuchemsha kwa wote. Soko jingine hudai ubora mwingine. Kuacha bidhaa isiyolipa nako ni uamuzi wa heshima, na hakuna sababu ya kuendelea na kawa la chakula kwa mazoea tu ikiwa msala wa kuswalia unalipa maradufu kwa saa zilezile.

Bei pia haiwezi kutengwa na ushindani wa mashine. Mikeka ya plastiki imejaa katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, Darajani kule Unguja na Mombasa. Ni myepesi, inaoshwa kwa maji, ina rangi nyingi, na bei yake haiwezi kufikiwa na mkono wa mtu. Vyondo, vikapu vya Ukambani nchini Kenya, vimepitia mtihani huohuo. Wanawake wa Machakos, Makueni na Kitui walivisuka zamani kwa nyuzi za magome ya miti ya porini, mbuyu ukiwa mmojawapo. Baadaye walihamia katani, mmea ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuenea hadi Kenya. Uzi husokotwa juu ya paja, na kiondo husukwa njiani, sokoni na katika vikao vya chama. Katika miaka ya 1980 vyondo vilipendwa sana Ulaya na Marekani, kisha vikapu vya kuiga kutoka Asia vikaingia katika masoko hayohayo kwa bei ya chini.

Somo la vyondo linahusu kila kazi ya mikono ya nyumbani. Anayeshindana na kiwanda kwa urahisi wa bei ameshindwa kabla ya kuanza, kwa sababu saa ya mashine itakuwa nafuu siku zote. Mkono hushinda pale ambapo mashine haifiki: katika kipimo anachokitaka mteja, jina lililosukwa ndani ya mkeka wa arusi, uimara wa mshono, na uhakika wa mahali kitu kilikotoka na aliyekitengeneza. Mteja anayetafuta vitu hivyo yuko tayari kulipia saa. Anayetafuta kitu cha kukalia tu atanunua plastiki, na si busara kumfuata.

Kofia za mkono zinaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kofia za viua na vito za Zanzibar na Lamu hutengenezwa kwa kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Kuna kipande cha duara cha juu na utepe mrefu wa pembeni. Nakshi huchorwa kwanza, kisha matundu madogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi moja moja kwa sindano. Kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki kadhaa, na zile za nakshi nyingi huchukua miezi. Mashine za kudarizi zimeleta kofia za bei ndogo kila mahali, lakini ile ya mkono haijafa. Wanaume wa pwani wanaitambua kwa kuitazama tu, na huithamini kwa Idi na arusi. Oman, nchi yenye uhusiano wa muda mrefu na Zanzibar na ambako kofia ya aina hii huitwa kuma, wapo wanaolipa fedha nyingi kwa kazi safi ya mkono. Kofia imedumu kwa sababu mvaaji anajua kutofautisha, na ujuzi huo wa mteja ni sehemu ya soko. Mikeka na vikapu vinahitaji wateja wa namna hiyo, na watapatikana tu ikiwa wauzaji watachukua jukumu la kuwaeleza tofauti.

Ubora, basi, una vipimo vinavyoweza kutajwa. Cha kwanza ni rangi. Chane zisiposuuzwa hadi maji yatoke safi, rangi itahamia kwenye shuka au nguo ya mnunuzi siku ya kwanza, na mnunuzi huyo hatarudi. Cha pili ni ukavu. Majani yaliyosukwa yakiwa na unyevu hushika ukungu ndani ya begi la safari au ghala la duka. Cha tatu ni ulinganifu. Mwenye hoteli anayeagiza vikapu 40 vya kuwekea taulo anataka vya kimo kimoja na mdomo mmoja. Kikundi kilichozoea kila mtu kusuka kwa jicho lake hupoteza oda hiyo, hata kama kila kikapu peke yake ni kizuri. Fremu ya mbao au kamba iliyowekwa alama za vipimo ni kifaa rahisi kinachotatua tatizo hilo.

Rwanda ilionyesha kinachowezekana ubora ukishikwa na kikundi kizima. Agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ni ufundi wa zamani wa wanawake wa nchi hiyo. Mwaka 2004 ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links, iliyowakusanya wasukaji wa vijijini, wakiwemo wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994 na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa mauaji hayo. Wasukaji walifundishwa vipimo na rangi za pamoja, na mwaka 2005 vikapu vyao vikaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Ufundi ulikuwapo tangu awali. Kilichoongezwa ni kipimo kimoja, ukaguzi kabla ya kusafirisha, na mtu wa kuzungumza na mnunuzi mkubwa kwa niaba ya wote.

Masoko yenyewe ni ya aina nyingi, na kila moja lina tabia yake. Soko la mtaani hulipa kidogo lakini hulipa papo hapo, na halibagui majira. Soko la watalii, kama maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mwenge jijini Dar es Salaam au Soko la Maasai la Nairobi, hulipa zaidi kwa vitu vidogo vinavyoingia katika begi: kipepeo, kipochi, kikapu cha mkate, na si mkeka wa watu wawili. Soko hili hunywea watalii wanapopungua, kama ilivyoonekana wazi wakati wa Uviko-19 mwaka 2020, hivyo si busara kulitegemea peke yake. Wachuuzi wanaopita vijijini hununua kwa wingi na kuokoa nauli, na huduma hiyo inastahili malipo. Tatizo huanza pale mchuuzi anapokuwa mtu pekee anayejua bei ya mjini. Simu moja kwa jamaa aliye mjini, akaulize bei dukani, humpa msukaji nguvu ya kukataa bei ya kutupa.

Katazo la mifuko ya plastiki nalo lilifungua mlango. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019. Kikapu cha miyaa ndicho kilichokwenda sokoni kabla ya plastiki kuja, na kilipaswa kurudi. Sehemu kubwa ya nafasi ile imechukuliwa na mifuko mbadala ya kiwandani ya bei rahisi, lakini kikapu bado kina nafasi kwa mnunuzi anayekwenda sokoni kila wiki, kwa kuwa kikapu kimoja imara huzika mifuko mingi.

Soko la simu ndilo jipya zaidi. Picha moja iliyopigwa mchana, nje, juu ya kitambaa cha rangi moja, ikitumwa kwa WhatsApp au kuwekwa Instagram, humfikia mnunuzi ambaye hatafika kijijini kamwe. Malipo hupita katika simu hiyohiyo, kwa huduma kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Lakini biashara ya picha ina kanuni zake. Vipimo viandikwe kwa sentimita. Bei itajwe wazi, pamoja na gharama ya kutuma kwa basi au boti. Oda ya kipimo maalumu isianze kabla ya malipo ya awali yanayotosha angalau vifaa, kwa sababu mkeka wenye jina la bibi arusi hauna mnunuzi wa pili. Na tarehe iliyoahidiwa iheshimiwe. Msukaji mwenye shamba la kupalilia ni afadhali aahidi wiki nne na kumaliza kwa tatu, kuliko kuahidi mbili na kuomba radhi.

Kazi ikikua, mtu mmoja hawezi kuisuka, kuipiga picha, kuituma na kuiwekea hesabu. Hapo kikundi kina maana. Wanawake wa Afrika Mashariki wana uzoefu mrefu wa upatu, vikoba na vyama, na uzoefu huo wa kuaminiana ni mtaji. Kikundi hununua rangi kwa jumla, hugawana nauli, na huweza kupokea oda kubwa. Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni kumlipa kila mwanachama sawa bila kujali kazi, jambo linalowakatisha tamaa wanaosuka vizuri. Malipo yafuate bidhaa zilizopita ukaguzi. Ya pili ni daftari la fedha kushikwa na mtu mmoja asiyeulizwa. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila kikao, na ufunguo wa kasha uwe kwa mtu mwingine asiye mwandishi wa daftari.

Serikali ina wajibu wake, na baadhi ya nyenzo zipo tayari. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wazalishaji wadogo wa Tanzania. Sheria ya Tanzania Bara inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Wasukaji wanapaswa kuidai kama haki, wakiwa na daftari linaloonyesha gharama, saa na mauzo. Daftari hilohilo lina faida nyingine: Tanzania haimtozi kodi ya mapato mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4, na njia nzuri ya kulithibitisha hilo ni kumbukumbu zilizoandikwa.

Mikopo pekee haitoshi, maana mkopo bila soko ni deni. Msaada mkubwa zaidi ambao taasisi za umma zinaweza kuutoa ni kununua. Ofisi, shule, vyuo na hoteli hununua kila mwaka vikapu vya taka, mazulia, zawadi za wageni na mabegi ya mikutano. Sehemu ya manunuzi hayo ikielekezwa kwa vikundi vya wasukaji, kwa bei inayolipa saa, vikundi vitapata oda ya kudumu isiyotegemea msimu wa watalii. Mafunzo nayo yabadilike. Wanawake waliosuka tangu utotoni hawahitaji kufundishwa kusuka. Wanachohitaji ni hesabu ya gharama, vipimo vya pamoja na uuzaji.

Bado kuna suala la malighafi. Majani yanayotafutwa ni yale machanga ya katikati, na mti unaokatwa kila unapochipua hudhoofika na huweza kufa. Mabonde yanapogeuzwa mashamba au viwanja, mikindu huondoka, wasukaji huenda mbali zaidi, na saa za kila mkeka huongezeka. Vijiji vinaweza kukubaliana kuacha sehemu ya chipukizi katika kila mti, kupumzisha maeneo kwa zamu, na kupanda mikindu pembezoni mwa mito na mashamba ya mpunga. Wasukaji wa Iringa, wanaosuka vikapu vya milulu, nyasi za vinamasini, wana sababu hiyohiyo ya kulinda vinamasi vyao, kwani mlulu hauoti pakavu.

Mwisho ni warithi. Mara nyingi husikika lawama kwamba vijana hawataki kujifunza ususi. Lawama hiyo inawaonea. Msichana anayeona mama yake akiuza mkeka wa wiki tatu kwa bei ya jozi ya viatu vya mtumba anafanya hesabu sahihi akiamua kutafuta kazi nyingine. Semina za kuhimiza utamaduni hazitabadilisha hesabu hiyo. Itabadilishwa na bei inayolipa majani, rangi, nauli na kila saa iliyotumika, na jukumu la bei hiyo linamwangukia msukaji anayeitaja, kikundi kinachoilinda na mnunuzi anayekubali kuilipa.